KIDONGE HIKI KISISAGWE



Katika nyumba nyingi za hapa Kirumba, kuanzia mwaloni hadi huko juu kwenye mawe, utakuta aina mbili za vidonge juu ya kabati moja. Cha kwanza ni dawa mseto ya malaria ya mtoto. Cha pili ni kidonge cha bibi au babu, cha presha au cha kisukari. Kwa macho vyote ni vidonge tu. Lakini kimoja kimetengenezwa kivunjike upesi iwezekanavyo, na kingine kimetengenezwa kwa makusudi kisivunjike. Anayeuguza nyumbani, na mara nyingi ni ninyi wajukuu, asipoijua tofauti hiyo anaweza kumdhuru mgonjwa akidhani anamsaidia.

Tuanze na mseto, kwa sababu huko ndiko tulikojifunzia kusaga. Dawa ya artemetha na lumefantrini ilipoanza kutumika, mtoto mdogo alipewa kidonge kilekile cha mkubwa, kwa idadi ndogo zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kumeza kidonge, kwa hiyo mama alikisaga kwa kijiko, akachanganya na maji, na mtoto akakitema kwa uchungu. Baadaye kikatengenezwa kidonge kinachoyeyuka chenyewe ndani ya maji kidogo na chenye ladha tamu. Kilijaribiwa kwa watoto wa nchi tano za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, na kikaanza kusambazwa mwaka 2009. Hicho kutiwa maji ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba mazoea yale ya kijiko yamehamia kwenye vidonge vya wazee, na huko mambo ni tofauti kabisa.

Hebu tutazame kwanza kidonge cha kawaida kinavyofanya kazi. Ukikimeza, kinavunjika tumboni kwa muda mfupi, dawa inaingia kwenye damu kwa wingi, kisha ini na figo zinaanza kuipunguza. Kwa hiyo kiasi cha dawa katika damu kinapanda kama mlima na kushuka kama bonde. Kileleni panaweza kuwa na dawa nyingi kupita kiasi, na ndipo mgonjwa anapata kichefuchefu, kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Bondeni dawa imekuwa kidogo mno na ugonjwa unarudi. Njia ya zamani ya kupunguza hali hiyo ni kumeza mara nyingi: asubuhi, mchana, jioni. Nani kati yetu amewahi kumaliza dozi ya mara tatu kwa siku bila kusahau hata mara moja? Basi wataalamu wakajiuliza kama kidonge chenyewe kinaweza kuigawa dawa, kidogo kidogo, mchana kutwa na usiku. Mwaka 1952 kampuni ya Smith Kline & French ya Marekani ilitoa kapsuli iliyojaa punje ndogo nyingi zilizopakwa nta kwa unene tofauti, nyingine ziyeyuke mapema na nyingine zichelewe. Tangu hapo fani hii haijasimama.

Njia za kuichelewesha dawa ni nyingi, ila mbili ndizo zinazotuhusu hapa: vitundu na ute.

Vitundu tunavifahamu. Utambi wa kibatari ni kitu chenye vitundu. Mafuta yanapanda ndani yake polepole, na ndiyo maana kibatari kinawaka usiku mzima badala ya mafuta yote kuwaka kwa mkupuo. Mtungi wa udongo nao ni hivyo hivyo: maji yanapenya taratibu hadi nje, yanakauka kwa upepo, na yaliyobaki ndani yanapoa. Katika boksi la viatu vipya huwa kuna kipakiti kidogo chenye punje kama chumvi ya mawe kilichoandikwa kisiliwe. Ndani yake ni silika, maada ileile ya mchanga, lakini imetengenezwa iwe na vitundu vingi mno vinavyonyonya unyevu. Vingi kiasi gani? Ukizikunjua kuta zote za vitundu vilivyomo katika gramu moja ya silika nzuri ya aina hiyo, utapata eneo la mita za mraba 700 hivi. Uwanja wa mpira wenye mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Kwa hiyo gramu 10 tu, ambazo ni vijiko vichache vya chai, zina ukuta wa ndani unaokaribia kuufunika uwanja kama wa CCM Kirumba. Mimi hesabu hii niliirudia mara mbili ndipo nikaiamini.

Mwaka 1992 wanasayansi wa kampuni ya Mobil huko Marekani walitangaza silika ambayo vitundu vyake vimepangika kama sega la nyuki, vyote kwa upana mmoja wa nanomita chache. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Wao walikuwa wakitafuta kitu cha kusafishia mafuta ya petroli. Mwaka 2001 kundi la María Vallet-Regí huko Madrid, Hispania, likajaza dawa ya maumivu ya ibuprofeni ndani ya vitundu hivyo na kuonyesha kwamba inatoka polepole. Ukubwa wa kitundu ndio unaoamua mwendo: kikiwa kipana dawa inatoka haraka, kikiwa chembamba inachelewa. Sehemu kubwa ya kazi hii bado imo maabara. Mengi ya yaliyomo katika maduka ya dawa yetu yanategemea njia ya pili, yaani ute.

Ute tunaujua zaidi kuliko watu wa Ulaya, maana tunaula. Mlenda na bamia huvutika kwa sababu ndani yake mna nyuzi ndefu ambazo zinapenda maji na kuyashika. Nyuzi za namna hiyo zikifungamana kama wavu wa dagaa, maji yanaingia na kunaswa katikati, na kitu chote kinavimba bila kuyeyuka. Kitaalamu kitu hicho huitwa haidrojeli. Nyuzi zenyewe ni polima, na maji huweza kuwa sehemu kubwa zaidi ya uzito wake wote.

Mkitaka kuiona, chukueni nepi mpya ya mtoto, muichane na kukung'uta unga mweupe uliomo ndani yake. Tieni kijiko kimoja kwenye glasi na mimina maji. Baada ya dakika chache glasi ina jeli ngumu, hata ukiigeuza juu chini haimwagiki. Sasa nyunyizia chumvi ukoroge. Jeli inalegea na maji yanarudi! Unga huo huweza kubeba maji safi mara mia kadhaa ya uzito wake, lakini chumvi inaziharibia nyuzi nguvu ya kusukumana, wavu unasinyaa na kuyaachia maji. Hapo mtakuwa mmeona jambo wanalolifanyia kazi watafiti wengi: jeli inayoshika au kuachia kulingana na mahali ilipo. Tumbo lina tindikali kali, utumbo hauna. Basi inaweza kutengenezwa jeli inayojifunga tumboni na kufunguka utumboni. (Fanyeni jaribio hili nje, unga huo usiingie machoni wala mdomoni, na msiumwage kwenye sinki, maana utaziba bomba.)

Aliyefungua mlango wa kutumia jeli za kutengenezwa katika mwili wa binadamu ni Otto Wichterle wa Prague, pamoja na mwenzake Drahoslav Lím. Mwaka 1960 walichapisha maelezo ya jeli laini inayokubaliana na mwili. Wichterle alitaka kuitumia kwa lenzi za kuvaa ndani ya jicho, lakini hakupata msaada wa kutosha kazini. Basi mwishoni mwa mwaka 1961, jikoni kwake, alitengeneza mashine kwa vipande vya chuma vya mwanasesere wa kujengea wa watoto wake, ikizungushwa na dinamo ya baiskeli, akapata lenzi zake za kwanza. Kwa hiyo anayesema hawezi kufanya sayansi kwa sababu hana maabara, hilo alijue.

Sasa turudi kwenye kabati la bibi. Kidonge cha kisukari cha metfomini cha kawaida humezwa mara mbili au tatu kwa siku. Kile cha polepole humezwa mara moja, kwa kawaida pamoja na chakula cha jioni. Ndani yake dawa imechanganywa na polima ambayo mara nyingi ni hipromelozi. Hipromelozi hutokana na selulosi, yaani nyuzi za mti au za pamba, hiyo hiyo pamba ambayo wakulima wa Usukumani wanaifahamu kuliko kitu kingine chochote, isipokuwa imepitishwa katika kemikali ili ipende maji zaidi. Kidonge kikifika tumboni, maji yanalowesha tabaka la juu, nalo linageuka ute mzito. Ute huo unakuwa ukuta. Maji hayawezi kuingia kwa kasi, na dawa iliyo katikati haina njia ya kutoka ila kujipenyeza katika ute, kidogo kidogo. Tabaka la nje likimomonyoka, la chini yake nalo linalowa.

Mwaka 1961 mtaalamu wa Kimarekani Takeru Higuchi aliandika kanuni ya mwendo huu, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa. Kiasi cha dawa kilichotoka hufuata kipeuo cha pili cha muda. Maana yake, kama robo ya dawa imetoka kwa saa 1, nusu haitoki kwa saa 2 bali kwa saa 4. Sababu ni kwamba dawa ya karibu na uso hutoka mwanzo, na inayobaki inazidi kuwa mbali na mlango. Kanuni hii ni ya makadirio na hulegea dawa ikikaribia kwisha, lakini inatosha kwa hesabu ninayotaka tuifanye.

Chukulia kidonge chenye umbo la dadu, kila upande milimita 8. Eneo la nje ni milimita za mraba 384. Kisage hadi viwe vidadu vya milimita 1. Utapata vipande 512, na eneo lao la nje kwa jumla ni milimita za mraba 3,072, yaani mara 8. Kutoka katikati hadi nje, dawa iliyokuwa isafiri milimita 4 sasa inasafiri nusu milimita, yaani umbali umepungua mara 8. Na kwa kuwa muda unafuata umbali uliozidishwa kwa umbali, muda umepungua mara 64. Dawa iliyopangwa itoke kwa saa 12 sasa inaweza kutoka kwa dakika 11 hivi. Hapo bado hatujataja kwamba unga mwembamba haupati nafasi ya kujenga ukuta wa ute.

Basi bibi amepewa dawa ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa metfomini huenda ikaishia kwenye tumbo kuchafuka na kuharisha. Kwa dawa ya presha kama nifedipini hali ni ya hatari zaidi. Zamani, mgonjwa akifika hospitali presha ikiwa juu sana, ilikuwa desturi katika nchi nyingi kumpasulia kapsuli ya nifedipini ya haraka mdomoni. Presha ilishuka, tena kwa kasi ambayo ubongo na moyo wa baadhi ya wagonjwa vilikosa damu; wengine walipata kiharusi. Mwaka 1996 madaktari waliokusanya habari hizo waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani wakihimiza desturi hiyo ikomeshwe. Anayesaga nifedipini ya polepole anaifufua desturi hiyo nyumbani bila kujua. Na wenye presha si wachache: katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, zaidi ya robo ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikutwa na presha ya juu.

Kuna jambo jingine linalowatia watu hofu. Mgonjwa anakwenda haja kubwa, anaona kidonge kizima kimetoka. Anaamua dawa ni feki, anaacha kumeza, au kesho yake anakisaga. La hasha, kwa aina fulani ganda kutoka ni jambo la kawaida. Kuna kidonge cha nifedipini ambacho ganda lake linapitisha maji kuingia lakini halivunjiki, na juu limetobolewa tundu dogo kwa mwali wa leza. Maji yakiingia, tabaka la polima lililo chini linavimba na kuisukuma dawa itoke kwa lile tundu, mfano wa pistoni ya bomba la sindano. Dawa ikiisha, ganda tupu linapita zake. Hata ute wa metfomini mara nyingine hutoka ukiwa na umbo la kidonge.

Njia ya sindano nayo ina ndugu zake, ingawa huko mara nyingi si jeli bali ni dawa yenyewe isiyoyeyuka kwa urahisi, inayokaa mwilini kama akiba. Penisilini ya benzathini ni mfano wa karibu. Mtoto mwenye koo la bakteria lisilotibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, na homa hiyo inaweza kuharibu vali za moyo. Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, watafiti waliwachukua watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao dalili za mwanzo za uharibifu huo zilionekana kwa kipimo cha moyo tu. Nusu walichomwa sindano hiyo kila wiki 4 kwa miaka 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kati ya 799 waliofika mwisho, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 waliochomwa, na kwa 33 wasiochomwa. Sindano yenyewe inauma, hilo tusifiche. Mwaka 2024 ikatoka habari nyingine, ya wanawake na wasichana wa Afrika Kusini na Uganda waliochomwa lenakapaviri chini ya ngozi mara mbili tu kwa mwaka ili kujikinga na virusi vya UKIMWI. Kati ya 2,134 waliopata sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Je, malighafi za jeli zinatoka wapi? Nyingine zinatoka kwetu, na hili halizungumzwi vya kutosha. Mwani unaolimwa Zanzibar, kilimo kilichoanza kwa biashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani baada ya utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, una polima iitwayo karajinani. Spinosamu hutoa jeli laini, kotonii hutoa jeli ngumu. Hutumika katika vyakula, dawa ya meno na utengenezaji wa dawa. Wakulima ni zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mwani huondoka nchini ukiwa mkavu tu, ukachemshwe na wengine.

Na ziwani je? Sangara anapokatwa minofu viwandani hapa Mwanza, hubaki ngozi, mifupa na mabondo. Vyote hivyo vina kolajeni, ambayo ikichemshwa kwa utaratibu hutoa gelatini, ile jeli inayotengeneza maganda ya kapsuli. Mwaka 2004 John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha utafiti wa gelatini iliyotolewa kwenye ngozi na mifupa ya sangara wa Ziwa Victoria, na ile ya ngozi ikaonyesha uimara mzuri. Kwetu Waislamu jambo hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa gelatini nyingi duniani hutokana na nguruwe au ng'ombe, na kwenye pakiti aghalabu haisemwi ni ya mnyama gani. Hukumu ya kumeza dawa hiyo tunawaachia masheikh wetu. Sisi tunasema tu kwamba kapsuli za samaki, za mwani na za hipromelozi zinawezekana, na kwamba ngozi ya sangara inapita mlangoni petu kila siku.

Tumalizie na yale ya kutazama nyumbani. Soma jina la dawa kwenye pakiti. Likifuatiwa na herufi kama XR, ER, SR, CR, LA, XL au neno Retard, hiyo ni dawa ya polepole: isisagwe, isitafunwe, isiyeyushwe kwenye chai. Kukosekana kwa herufi hizo si uthibitisho, kwani kuna vidonge vilivyofunikwa ili visivunjike tumboni ambavyo haviandikwi hivyo. Mstari katikati ya kidonge maana yake kwa kawaida kinaweza kukatwa vipande viwili, na baadhi ya vidonge vya polepole vinao kwa sababu ndani ni punje nyingi zilizofunikwa kila moja peke yake. Lakini kukata si kusaga. Mzee asiyeweza kumeza, hasa baada ya kiharusi, aelezwe kwa daktari au mfamasia, kwani mara nyingi ipo dawa ileile kwa maji, au kidonge cha kawaida chenye dozi ndogo cha kumezwa mara nyingi zaidi. Kubadilisha kutoka kimoja kwenda kingine kuna hesabu yake, msikifanye wenyewe.

Hali kadhalika mfungo. Dawa ya mara moja kwa siku ni nafuu kubwa kwa anayefunga, lakini mwenye kisukari au presha akamuone daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, akiwa na pakiti zake zote mkononi, pamoja na zile ambazo hukumbuka kuzimeza mara mojamoja.